Bastola Yangu ya Kwanza na Mtani Wangu Sefu

Siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, Uhuru ukiwa bado mchanga na watu wakiutaja kwa sauti hata wakinunua chumvi, niliitwa kwenye ghala la klabu ya shabaha ya shamba la mkonge, nje kidogo ya mji wa Kilosa. Nikawekewa bastola mbili mezani, nikaambiwa nichague. Nilikuwa kijana, nina suruali iliyopigwa pasi, na nilidhani kazi ngumu ya siku ile ni kuchagua kati ya zile mbili.

Juzi umeniletea ujumbe kwamba umejiunga na klabu ya shabaha huko Morogoro, na unataka kujua ununue bastola gani ya kwanza isiyokuumiza mfukoni. Nitakujibu. Ila mzee ukimwuliza njia hukueleza na waliokwisha kupita, kwa hiyo vumilia. Hapa Mikumi nakaa peke yangu, malori yananipita barabarani kwenda Iringa na hakuna linalosimama, na mtu akiniuliza swali simwachi aondoke upesi.

Mimi nilikuwa karani wa mizani pale shambani. Baba yangu alitoka Unyamwezi kwa miguu, akaja kukata mkonge, mkataba ukaisha na yeye akabaki. Zamani klabu ile ilikuwa ya mabwana wakubwa tu. Bendera ilipobadilika wakatukaribisha makarani wachache, labda kwa moyo, labda kwa kuogopa. Silaha zilitunzwa na askari mstaafu wa keya, jeshi la wakoloni, ambaye wote tulimwita Sajenti. Alikuwa mkali, tena mwenye kujisifu, akigombana na watu, na mbwa, na jua likiwa kali akagombana nalo pia. Lakini shabaha alikuwa anaijua, na alipenda kuifundisha.

Bastola ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, inang'aa. Ilikuwa ya meneja mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, naye aliiuza kwa bei ya kutupa. Ya pili ilikuwa ndogo, ya risasi ndogo, mpini wake wa mti umechakaa, na bei yake ilizidi ile ya kwanza. Wewe ungetazama ipi? Mimi mkono ulikwenda wenyewe kwenye ile kubwa.

"Haya, inyanyue," akasema Sajenti. "Nyoosha mkono ukutani pale. Usishushe mpaka nikwambie."

Nikanyoosha. Akawasha sigara, akavuta taratibu, akatazama dirishani. Mkono ukaanza kutetemeka kama wa mtu mwenye homa.

"Unaona? Hujapiga hata risasi moja na umeshachoka. Halafu hii inapiga teke. Mwanafunzi akipigwa teke mara mbili, ya tatu anafumba macho kabla hajafyatua. Sasa utalenga nini na macho umefumba?"

"Lakini bei yake nzuri, Sajenti."

"Bei ya bastola unailipa leo ukamaliza. Bei ya risasi utailipa kila Jumamosi mpaka uzeeke. Risasi za hii ni ghali na hazipatikani, utapiga tatu urudi nyumbani. Za hii ndogo utapiga mpaka uchoke mwenyewe, na kupiga ndiko kunakofundisha. Rahisi huvunja upishi, kijana."

Akanipa ile ndogo. Akanifundisha kwanza kuhakikisha haina kitu ndani, kwa jicho na kwa kidole, hata kama aliyenipa ni yeye mwenyewe aliyekwisha kuikagua mbele yangu. Akanionyesha namna ya kuifungua na kutazama ndani ya mtutu kuelekea kwenye mwanga wa dirisha, kama kuna kutu au mikwaruzo. Akaniambia nitikise mpini nione kama unacheza. Akaniambia nibonyeze kifyatulio bila risasi, taratibu, nisikie kama kinakwenda laini au kinagoma kama mtu ang'oaye kisiki. Kisha akanitaka nifumbe macho, niinyooshe, nifumbue. Ilikuwa imeelekea palepale nilipokusudia. Mkono wangu na ile bastola vilikuwa vimekubaliana bila kuniuliza mimi.

Nikachagua ndogo. Na hapo, mwanangu, nilichagua sawa. Nimekwisha kukosea mengi, lakini bastola nilichagua sawa, na mtu asije akakwambia vingine. Kama jibu lako ulilitaka kwa ufupi, umekwisha kulipata, unaweza kwenda zako.

Bado uko? Haya.

Sajenti alipokuwa anaifunga kwenye kitambaa akaniuliza, "Italala wapi?"

"Nyumbani."

"Hapa kuna sanduku la chuma. Za wenzako zote zinalala hapa."

"Polisi wamenipa leseni, Sajenti. Na nimechongesha kasha la mninga, lina kufuli."

"Sikukuuliza habari ya kufuli. Nakuuliza, nyumbani kwako anaingia nani bila hodi?"

Nikacheka. "Nyumbani kwangu? Wanaingia wote."

"Basi huna nyumba ya bastola," akasema. Wala hakucheka. "Iache hapa. Jumamosi uikute, jioni uiache. Kitu hiki hakitaki nyumba yenye watu."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimsikia vizuri tu, ila sikumfuata. Unajua kwa nini? Baba yangu aliishi maisha yake yote ndani ya nyumba ya shamba, akilala kitanda cha shamba, na hata panga alilokatia mkonge halikuwa lake, jioni alilirudisha. Mimi nilitaka kitu kimoja kizuri, cha thamani, chenye karatasi iliyoandikwa jina langu, kilale kwangu. Mpaka leo sioni aibu kwa kutaka hivyo. Nikaibeba nyumbani, mtaa wa Mabwerebwere, nikalisukuma kasha chini ya kitanda.

Sasa nikujulishe kwa Sefu. Yeye alikuwa Msagara, wa palepale Kilosa kwa baba na kwa babu, na mimi ni Mnyamwezi, na unajua au hujui kwamba makabila haya ni watani. Vijana wa siku hizi mnadhani utani ni kuchekana. Utani ulikuwa kazi, na ulikuwa na sheria. Mtani wako anaingia kwako bila kubisha, anafunua chungu, anatoa nyama, anakula amesimama. Anachukua kofia yako, kuku wako, kiti chako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukitaka chako umpe tumbaku kidogo au kitambaa, akurudishie huku anakutukana. Na siku ya msiba yeye ndiye anayesimama wakati ndugu wamelala chini kwa kilio. Anafanya vituko mpaka mfiwa acheke na machozi yakiwa mashavuni, maana mfiwa asipochekeshwa anaweza kumfuata maiti.

Sefu alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Tulikua pamoja tukiogelea Mkondoa mtoni. Akiniona kwa mbali sokoni alipaza sauti, "Mtumwa wangu yule! Babu yake alipita hapa amebeba pembe za watu, akala viazi vya bibi yangu, akaondoka hajashukuru!" Na mimi namjibu kwamba viazi vyenyewe vilikuwa vibovu, na bibi yake ndiye aliyemkimbilia babu yangu. Watu wanaacha kununua nyanya wanatusikiliza. Sikuwa na ndugu wa kuzaliwa naye. Nilikuwa na Sefu.

Bastola ilipoingia nyumbani, nikaweka kufuli kwenye mlango wa chumba. Kufuli ni kitu kidogo, lakini siku zile nyumba zetu za kawaida hazikufungwa mchana. Sefu akaja akakuta mlango umefungwa, akaugonga kwa ngumi. "Jamani! Mtumwa kapata mke mdogo, anamfungia ndani asionwe!" Nyumba nzima ikacheka. Mimi nilicheka kwa midomo. Nikamwambia, "Kile si cha kuchezea, Sefu." Akanitazama kidogo, akaenda jikoni kufunua chungu.

Sikuona mabadiliko siku moja. Wanawake waliokuwa wakija kuomba moto wakaanza kusimama uwanjani na kuita. Jirani aliyekuwa akituachia watoto akienda shamba akaanza kuwapeleka kwa mwingine. Hakuna aliyesema neno baya, wala sikugombana na mtu. Mke wangu akaniambia jioni moja kwamba nyumba imekuwa kama ofisi ya bwana shauri, watu wanapiga hodi na kusubiri. Nikamwambia ndiyo maendeleo hayo.

Na nisikudanganye, Jumamosi zilikuwa tamu. Unasimama, unavuta pumzi, unaitoa nusu, dunia yote inabaki duara dogo jeusi kwenye ubao. Kulenga si kufuma, lakini nilifika mahali nikawa nafuma. Sajenti alinisifu mbele ya watu, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kama kung'olewa jino. Nilikuwa napata raha ambayo siwezi kuishirikisha na mtu yeyote Mabwerebwere, na sikuona kwamba hiyo nayo ni aina ya upweke.

Kisha baba akafa.

Alikufa alfajiri, msimu wa masika, na kufika saa nne uwanja ulikuwa umejaa. Siku ya msiba hakuna chumba kinachofungwa, mwanangu. Chumba changu ndicho kilichokuwa na nafasi ya kumwoshea baba, kwa hiyo nilifungua kufuli mwenyewe, nikatoka nje, nikakaa kwenye mkeka na wazee. Kasha sikulikumbuka. Nani angekumbuka?

Sefu alifika mapema kuliko ndugu wengine. Akachukua koti la baba na kofia yake akavivaa, akaanza kutembea kama baba alivyokuwa akitembea, mguu mmoja ukiburuta kwa sababu ya jeraha la mkonge, huku akikohoa kikohozi chake na kuwafokea vijana, "Nyie! Mkonge hauji wenyewe!" Ilikuwa ni sauti ya baba hasa. Shangazi yangu aliyekuwa akigaragara chini aliinuka akakaa, akacheka, akalia, akacheka tena. Nami nilicheka. Nilihisi kifua kinafunguka. Nilijua kwamba nitaiweza siku ile, kwa kuwa Sefu yupo.

Maiti ilipokwisha kuoshwa na kukafiniwa, watu wakaanza kujipanga kubeba jeneza. Sefu akazama ndani. Nikasikia sauti yake chumbani, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Watu wakacheka kabla hata hawajaona. Akatoka na kasha la mninga kichwani, anacheza, koti la baba linapepea.

"Marehemu ameniachia urithi!" akasema. "Ameniambia, Sefu, huyu mwanangu hana akili, mchukue mke wake mdogo! Haya, mtumwa, nikomboe au niende naye!"

Ndani hamkuwa na risasi. Sajenti alikuwa amenifundisha, risasi nilizitunza mbali, na kasha lilikuwa na kufuli. Lakini mtu anayecheza na kasha hajui hayo, na pale palikuwa na watoto, na wewe mwenyewe umefundishwa kwamba kila bastola ni ya kuhesabiwa ina risasi. Niliruka kutoka mkekani. Nikamkamata mkono nikaupinda, nikalinyakua kasha, nikapiga kelele iliyosikika mpaka kwa wanawake huko nyuma.

"Weka chini! Leo hakuna utani!"

Hata waliokuwa wanalia waliacha.

Neno lile, mwanangu, halisemwi. Hasa siku ile, na hasa kwake. Sefu alisimama anausugua mkono. Kisha akavua kofia ya baba. Akavua koti, akalikunja vizuri, mikono ndani, kama mke anavyokunja nguo za mumewe, akampa shangazi yangu. Akaenda kushika mguu wa jeneza kama waombolezaji wengine, akatembea nasi mpaka makaburini, akatupa udongo wake konzi tatu, akaenda kwao. Hakuna mtani aliyezuia njia ya jeneza mpaka alipwe, hakuna aliyedai chochote. Baba yangu alizikwa kimya kama mgeni, na mimi sikucheka tena, na kile kifua kilichokuwa kinafunguka kikafunga.

Nilikuwa na haki. Mpaka leo nasema nilikuwa na haki. Bastola si kofia. Sajenti mwenyewe nilipomsimulia alisema ningemwacha aichezee ningekuwa mpumbavu. Lakini yeye aliongeza, "Nilikuuliza nani anaingia bila hodi." Haki yangu nilikuwa nayo nzima, mwanangu, na nilirudi nayo nyumbani, nikakaa nayo peke yangu.

Kesho kutwa yake nikakutana na Sefu karibu na stesheni. Nikasimama, nikasubiri matusi. Ningelipa chochote anitukane.

"Habari za asubuhi, Bwana Maganga," akasema. "Poleni sana na msiba."

Ndivyo alivyonisalimia, na ndivyo alivyoendelea kunisalimia. Mkono mtupu haulambwi, nikachukua jogoo na kitambaa na tumbaku, nikaenda kwake kama mtani aliyekosa. Nikaingia bila hodi kusudi, nikafunua chungu chake. Akaniletea kiti. Akamwambia mkewe aninawishe mikono na anipakulie kwenye sahani. Jogoo akapokea kwa mikono miwili, akashukuru. Tulizungumza habari za mvua. Kama angenifukuza ningerudi kesho yake, lakini mtu aliyekukaribisha kwa heshima utamrudia na malalamiko gani? Nikala, nikaaga, nikatoka. Njiani nililia, nakwambia wazi, mtu mzima na suruali yangu ya pasi.

Baadaye Azimio likaja, shamba likachukuliwa na serikali, klabu ikafungwa na ubao wa shabaha ukafanywa mlango wa banda la mbuzi. Bastola nilikwenda kuikabidhi polisi, wakanipa karatasi. Sikuisikitikia hata kidogo. Kisha zikaja zama za vijiji vya ujamaa, watu wakahamishwa, Sefu akapelekwa upande wa Kidodi, mimi nikaja huku Mikumi. Kijijini tulilima pamoja, tukala pamoja, tukaimba pamoja, na wengi waliniheshimu kwa kuwa nilijua kusoma mizani. Walinipa heshima tu. Watani wa Kisagara walikuwapo hapa, lakini habari hutembea, na neno langu la msibani lilikuwa limefika kabla yangu. Hakuna aliyenichukulia hata kofia. Mke wangu alipofariki, hakuna aliyenichekesha.

Habari ya kifo cha Sefu ilinifikia kwa dereva wa lori la miwa. Nikapanda lori lilelile, nimekwisha kuwa mzee tayari. Njia nzima nilikuwa najiambia, leo nitalipa. Nitavaa kofia yake. Nitalala mbele ya jeneza niseme haendi mtu mpaka nilipwe fidia ya vile viazi vibovu vya bibi yake. Nitaufanya uwanja wote ucheke. Moyo wangu ulikuwa na furaha, Mungu anisamehe, nilikuwa nakwenda msibani nina furaha.

Nikafika, nikaingia uwanjani bila salamu, nikapaza sauti, "Yuko wapi mtumwa wangu aliyejifanya kufa ili asilime?"

Watu wakanigeukia. Kijana mmoja mrefu, mwenye macho ya Sefu, akanijia upesi. Akainama kidogo.

"Shikamoo, mzee. Umetoka mbali? Nyie, mleteeni mzee kiti, na maji. Amechoka na jua."

"Mimi ni mtani wenu," nikamwambia. "Mimi ni Maganga wa Kilosa. Baba hakukwambieni?"

Akafikiri, kwa adabu kabisa. "Hapana, mzee," akasema. "Hakututajia."

Utani hurithiwa, mwanangu, lakini sharti kwanza mtu aurithishe. Nikakaa kwenye kile kiti. Nikanywa yale maji. Walipobeba jeneza nilifuata nyuma na wageni.

Basi sikia sasa. Bastola ya kwanza nunua ndogo, ya risasi ndogo zilizo rahisi kupatikana, maana risasi ndizo zitakazokufilisi au kukufundisha. Isiwe nzito kuliko mkono wako, na usimruhusu mtu akuchagulie kwa mkono wake yeye. Usinunue kabla hujapiga kwa ile ya klabu mpaka ukajijua. Tazama mtutu, tikisa mpini, sikiliza kifyatulio. Leseni itangulie, kisha ndipo bastola. Hayo ya Sajenti ni ya kweli, nami nayapitisha kwako kama nilivyopewa.

Na hili ni langu mimi. Kabla hujauliza bei, uliza italala wapi. Ilale klabuni, chini ya kufuli la watu wengine. Nyumba yako iache wazi, aingie anayeingia, afunue chungu, achukue kofia. Kila kitu utakachokileta nyumbani kisichoruhusiwa kuguswa, kiwe bastola, kiwe cheo, kiwe gari, kitamfundisha mtu mmoja kupiga hodi, na anayeanza kupiga hodi iko siku hatakuja. Ukiwa na haki na rafiki yako amekosa, tafuta namna ya kuidai haki hiyo bila kupaza sauti mbele ya watu. Ukishindwa, mfuate siku hiyohiyo, kabla hajalala, maana maji yakimwagika hayazoleki, lakini ardhi ikiwa bado mbichi mtu huona yalipomwagikia.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe mkono mtulivu na jicho jema. Akuzidishie riziki ya halali, akukinge na kiburi cha kumiliki, na siku utakapofika mwisho wako, Inshallah baada ya miaka mingi, asikosekane mtu wa kuja kukutukana mbele ya wanao, nao wamjue ni nani.